Hetty Si Shangazi

Desemba iliyopita nilirudi Mkotokuyana na kompyuta mpakato, flashi mbili na makala ya semina niliyokuwa najivunia kupita kiasi. Makala ilihusu Road to Avonlea, tamthilia ya Kanada iliyoanza kurushwa na televisheni ya CBC Januari 1990 na kumalizika 1996, misimu 7, vipande 91. Nilitumia kurasa 18 kuthibitisha kwamba ni tamthilia ya kuwabembeleza Wakanada weupe wapate usingizi. Mashamba ya kijani, gauni ndefu, farasi, chai ya saa kumi, na hakuna anayeuliza kisiwa kile kilikuwa cha nani kabla ya hao wenye gauni. Nilipata alama nzuri. Sikuwa na sababu ya kuitazama tena.

Niliitazama tena kwa sababu ya mvua. Ilinyesha siku tatu mfululizo, shambani hakuendeki na bodaboda wa kutoka Nachingwea mjini hawataki kusikia habari ya njia yetu. Tulikuwa watatu sebuleni: bibi, mimi, na dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ambaye tangu nikiwa mtoto nimemwita anti. Bibi alisema amechoka kusikiliza mvua kwenye bati, kama kompyuta ina sinema niifungulie. Kwenye flashi nilikuwa na mambo mawili tu, na moja niliona halimfai mama wa Kiislamu wa umri wake. Likabaki hili la Kanada.

Nikakaa katikati yao nikitafsiri, kama walivyofanya wakalimani wa vibanda umiza tulivyokuwa tukilipa shilingi mia mbili kuingia. Mtoto wa kike anaitwa Sara Stanley, nikawaambia. Anatoka Montreal, mji mkubwa, kwa baba tajiri. Mama yake amekufa zamani. Sasa baba ameingia kwenye kashfa ya fedha, kwa hiyo mtoto anapelekwa kijijini Avonlea, Kisiwa cha Prince Edward, kwa ndugu za mama. Huyu mwanamke mrefu, mkali, mwalimu wa shule, ndiye shangazi yake, Hetty King.

"Shangazi kivipi?" bibi akauliza.

"Dada wa mama yake."

"Basi huyo si shangazi. Huyo ni mama yake mkubwa."

Nilitaka kusema kwamba kwa Kiingereza ni neno moja tu, halafu nikanyamaza. Katika kurasa 18 nilikuwa nimeandika "shangazi Hetty" mara nyingi, na juu ya neno hilo nilikuwa nimejenga hoja nzima: kwamba Hetty ni sauti ya utawala, mtu wa pembeni anayemnyoosha mtoto asiye wake ili afanane na kijiji. Bibi, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa ameing'oa nguzo hiyo kabla utambulisho wa tamthilia haujaisha.

Bibi hakuishia hapo. Kwetu Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, na mtoto ana mjomba kabla hajawa na mtu mwingine yeyote. Akataka kumjua mjomba. Nikamwonyesha Alec King, mkulima, mwenye mke anayeitwa Janet na watoto wao wakina Felicity na Felix. Bibi akatikisa kichwa akiridhika. Mtoto amefiwa na mama, baba ameshindwa, amerudishwa kwa mjomba na mama zake. Amerudishwa kwao. Mimi niliona mtoto aliyehamishwa kutoka mjini kwenda ugenini, yeye aliona mtoto aliyerudi nyumbani. Tulikuwa tunatazama kipande kimoja.

Ukilisoma hivyo, umbo la tamthilia nzima linabadilika. Katika nyumba ya Hetty anaishi pia Olivia, mdogo wake, laini na mwenye ndoto. Nilizoea kuwasoma wawili hawa kama wahusika kinzani wa kawaida, mmoja mkali na mmoja mpole. Lakini ni mama mkubwa na mama mdogo. Kila mmoja amebeba kipande cha Ruth, ndugu yao aliyekufa, na hawakubaliani kipande kipi ndicho Ruth mwenyewe. Hetty anapomkemea Sara, anamkemea binti wa mtu aliyeolewa na mwanamume asiyemtaka yeye, na ambaye hakurudi tena. Ni hasira ya msiba. Nilikuwa nimeisoma kama ukoloni mdogo wa jikoni.

Nirudi kwenye kazi yangu ya uhakiki, maana nia yangu si kusimulia likizo. Swali ambalo bibi aliliuliza siku ya pili ndilo ambalo wanafunzi wa sanaa za maonyesho tunalikwepa kwa maneno makubwa: "Hawa watu ni ndugu kweli?"

Hapana. Jackie Burroughs, aliyeigiza Hetty, alizaliwa Uingereza. Cedric Smith aliyemcheza Alec na Lally Cadeau aliyemcheza Janet hawakuwa mume na mke. Mag Ruffman hakuwa mdogo wa mtu yeyote pale. Hata kisiwa hakikuwa kisiwa. Sehemu kubwa ya tamthilia ilipigwa Ontario, eneo la Uxbridge, mbali na bahari inayotajwa katika kila kipande. Mtayarishaji, Kevin Sullivan, alikuwa ameshatengeneza Anne of Green Gables mwaka 1985, akijua kwamba mtazamaji akiaminishwa nyumba, ataamini na bahari. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. L. M. Montgomery, mwandishi wa vitabu vilivyozaa tamthilia hii, aliishi Leaskdale, humo humo Uxbridge, kuanzia 1911 hadi 1926, akiwa mke wa mchungaji, akikiandikia kisiwa alichokiacha. Kwa hiyo kamera zilipokuja miaka mingi baadaye kukiigiza kisiwa katika mashamba ya Ontario, zilikuwa zinarudia alichofanya mwandishi mwenyewe.

Kama mahali palighushiwa na damu ilighushiwa, kwa nini bibi aliuliza kama ni ndugu? Jibu langu ni muda. Watu wale walikaa kwenye meza moja kwa miaka saba. Gema Zamprogna na Zachary Bennett walikua mbele ya kamera, sauti zikabadilika, magauni na suruali zikaongezwa urefu. Colleen Dewhurst, aliyekuwa Marilla Cuthbert tangu filamu ya 1985, alipofariki Agosti 1991, watayarishaji hawakumtafuta mwingine wa kuvaa gauni lake. Walimwacha Marilla afe, na kijiji kikamlilia. Ukitazama kilio kile unaona watu wanaomlilia mwenzao wa kazini wakiwa wamevaa nguo za mwaka ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa. Undugu wa kwenye kioo unajengwa hivyo: kwa kurudi kila mwaka nyumba ile ile, na kukubali kwamba atakayekosekana atakosekana kweli.

Kuna upande mwingine wa muda huo, na mtu aliyeulipia ni mtoto. Sarah Polley, Sara Stanley mwenyewe, alifiwa na mama yake Januari hiyo hiyo ya 1990 tamthilia ilipoanza kurushwa, siku chache tu tangu atimize miaka 11. Taifa lilikuwa linamtazama akiigiza mtoto aliyefiwa na mama. Mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Ghuba, alivaa alama ya amani kwenye hafla ya tuzo Marekani. Wakubwa wa Disney, waliokuwa wabia wa tamthilia, wakamtaka aivue, akakataa. Katika misimu ya mwisho anaonekana kwa nadra. Alipokua akageuka mwongozaji, na mwaka 2023 akapata Oscar ya mwongozo uliotoholewa kwa Women Talking. Kwangu mimi kazi yake inayojibu Avonlea ni ile ya 2012, Stories We Tell, ambamo anatafuta ukweli wa mama yake na wa baba aliyemzaa. Mtazamaji anadhani picha zile chakavu za zamani zinazomwonyesha mama ni za familia, kisha anagundua kwamba nyingi zimeigizwa, na kwamba mama yule ni mwigizaji. Mtoto aliyekodishwa kuwa na familia ya uongo ya zamani alikuja kuwakodi watu wa kuigiza familia yake ya kweli.

Niliwaeleza bibi na anti habari hii umeme ulipokatika na betri kuisha. Bibi alisema pole yake. Anti hakusema kitu. Aliinuka akaenda kuangalia kama ndoo za maji ya mvua zimejaa.

Inabidi niseme sasa nilichokuwa nimekiacha pembeni. Mama yangu alifariki Dar es Salaam nikiwa na miaka kumi. Baba hakuwa na kashfa ya fedha, alikuwa tu hana uwezo, na nililetwa Mkotokuyana na begi la shule na viatu vya kung'aa visivyofaa mchanga. Mwanamke aliyenipokea alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mkali, asiye na mume. Alinichapa kwa kusema uongo, alinichapa kwa kupoteza daftari, na kila usiku aliangalia kama chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Nilimwita anti kwa sababu ndivyo tulivyosema Dar, na kwa sababu neno hilo halikunidai chochote. Miaka 15 baadaye niliandika kurasa 18 juu ya mwalimu mrefu mkali anayemlea binti wa ndugu yake marehemu, na sikumwona.

Msomaji ataniuliza: kwa nini nijitafute kwenye tamthilia ya Kanada? Kwani kwetu hakuna?

Zipo, na tuzitazame kwa haki. Tulipata Siri ya Mtungi mwaka 2012, kazi ya MFDI, ambayo mpaka leo naihesabu miongoni mwa tamthilia zetu zilizopigwa kwa makini zaidi. Cheche, mpiga picha, na familia yake ya Bagamoyo wanaishi kama watu. Lakini fedha zilikuwa za Wamarekani, kupitia miradi ya afya, na fedha hizo zina masharti: ndani ya ndoa lazima iwemo kondomu, ndani ya ugomvi lazima uwemo uzazi wa mpango. Si vibaya. Ila nyumba inayolipiwa ili ifundishe haiwezi kukaa tu ikanywa chai, na tamthilia ya familia, kama Avonlea inavyoonyesha, nusu yake ni watu kukaa wakinywa chai. Zaidi ya hapo, Siri ya Mtungi ni ya leo. Ya jana hatuna.

Karibu zaidi na jana ni filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute, iliyooneshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Kazi yetu ya zamani ikapita kwanza Kanada, miye nikiwa nachukua ya kwao. Wengi wetu riwaya ya Adam Shafi ya 1999 tuliisoma kidato cha tano na cha sita kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Filamu ilituondolea adha hiyo. Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin, binti wa Kihindi anayemtoroka mume mzee. Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge, mwanaharakati anayewindwa na serikali ya Waingereza. Uamuzi bora kuliko yote wa uchaguzi wa waigizaji ni kumpa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, nafasi ya Mwajuma. Mwajuma anahitaji mwili unaojua kuimba usiku na kuamka asubuhi, na mwili huo haufundishwi kwa wiki mbili za mazoezi.

Filamu ni nzuri kuitazama, na hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanza. Kamera yake inapenda vivuli, kuta za Mji Mkongwe, moshi, nyuso zilizonyamaza. Kwa saa moja na nusu inalazimika kuchagua, na imechagua mapenzi na mapambano. Kinachopungua ni chumba cha Mwajuma kama nyumba. Katika riwaya, mwanamke wa Ng'ambo anampokea binti wa Kihindi asiye ndugu yake, wanagawana kitanda, chakula na fedha ya kodi, na taratibu wanakuwa ndugu. Jambo hilo ni zito kama hotuba yoyote ya Denge, lakini linahitaji asubuhi nyingi zinazofanana, nani kaenda sokoni, nani kachoma wali. Filamu haina asubuhi nyingi. Simlaumu Shivji kwa kutokuwa na vipande 91. Najaribu kusema kwamba historia yetu ikipata kamera, kamera inakuwa na haraka, na mwenye haraka humpiga picha shujaa akamwacha mama mkubwa.

Na historia ya kupiga tunayo, hata huku kusini ambako watu wa Dar wanadhani kuna korosho tu. Bibi hajui mwaka aliozaliwa, anajua tu kwamba alikuwa mtoto wakati wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili wapate mafuta ya kula baada ya vita. Wakaleta mashine za kung'oa visiki, nyingine zikiwa ni vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja mpaka Nachingwea. Udongo na mvua vikawakatalia, na mwanzoni mwa 1951 serikali yao ikautangaza mpango umekufa. Reli yenyewe iling'olewa baada ya uhuru. Baadaye Nachingwea ikawa na kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, chini ya Samora Machel, halafu zikaja operesheni za vijiji vya ujamaa. Yote hayo ndani ya maisha ya mwanamke mmoja anayekaa sebuleni akisikiliza mvua.

Mpango wa karanga umeandikiwa vitabu, na katika vitabu hivyo kuna wahandisi, mawaziri, ekari na pauni. Bibi anachokumbuka ni kwamba baba yake alianza kurudi nyumbani na mshahara, kwamba kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa nyumba yao mwenye fedha ambayo mjomba hakuigawa, na kwamba ugomvi ulioanzia hapo kati ya baba na wajomba haujaisha mpaka leo, wahusika wote wakiwa kaburini. Huo ni msimu wa kwanza. Hauhitaji kifaru hata kimoja kwenye picha. Unahitaji kumsikia kwa mbali akinguruma, na watu wamekaa barazani wakijifanya hawamsikii.

Najua majibu ya watayarishaji, nimeyasikia kwenye mijadala mingi: tamthilia ya zamani ni ghali, nguo, magari, nyaya za umeme za kuficha. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Avonlea inatufundisha kuhesabu vizuri zaidi. Gharama kubwa ya kazi ile haikuwa gauni, ilikuwa kuwaweka watu pamoja miaka saba kwa mkataba unaolipa kodi ya nyumba. Nguo za Mkotokuyana ya 1948 ni shuka, kanga na kaptula za kaki, na fundi cherehani wa Nachingwea anaweza kuzishona kwa wiki moja. Tunachokikosa ni mtu wa kulipia asubuhi zinazofanana.

Sijaiacha hoja yangu ya zamani. Wamiʼkmaq, ambao kisiwa kile wanakiita Epekwitk, hawamo kwenye vipande tulivyotazama, na mashamba ya akina King hayakuota yenyewe. Bado nitaliandika hilo. Ila makala nimeifungua upya. Kila palipoandikwa "shangazi" nimefuta na kuweka "mama mkubwa". Hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa. Halafu hoja zilizosimama juu ya neno la zamani zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine, na kuzijenga upya si kazi ya nusu saa.

Siku ya nne mvua ilikatika. Nilikuwa nje naanua nguo zilizogoma kukauka, nikimweleza bibi kwa kirefu wazo langu la tamthilia, mjomba na mshahara, baraza na ngurumo. Nilisema itafika hadi kizazi chetu, mpaka mtoto analetwa kutoka Dar na viatu vya kung'aa. Sikujua kama kuna mtu mwingine anasikiliza. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

"Na mimi atanicheza nani?" akauliza kutoka ndani.

Nilisimama na shuka mkononi. Nikawapitisha kichwani waigizaji wote wa kike ninaowafahamu, wa filamu na wa jukwaani, hakuna aliyemfaa.

"Sijui, mama mkubwa," nikasema.

Kimya kidogo. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukirudishwa.

"Msimpe mtu wa Dar," akasema. "Ataongea haraka haraka."

Kisha akaniambia niende kuchomeka chandarua cha bibi, jua linazama na mbu wa baada ya mvua hawasubiri.